Mwongozo kamili wa neno "underdog": kulielewa, kulitumia na kulitafsiri bila kumtusi mtu

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025 tulikuwa barazani Mji wa Kale, Mombasa. Televisheni imetolewa nje, waya wake umepitishwa dirishani, na birika la kahawa liko juu ya makaa. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walikuwa Kasarani, Nairobi, wakicheza na Morocco katika michuano ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wanaosakata ligi za nchi zao. Kenya ndiyo kwanza ilikuwa inashiriki. Morocco walikuwa wamekwisha kulichukua kombe hilo mara mbili, la 2018 na la 2020. Mtangazaji alisema kwa Kiingereza, na kila baada ya dakika chache alilirudia neno moja: underdogs, underdogs.

Babu mmoja hapo barazani, ambaye Kiingereza chake alikiokota bandarini enzi za ujana wake, alilishika lile "dog" peke yake. Akakiweka kikombe chini. "Ati mbwa? Ni nani alotwita mbwa?"

Kijana aliyeketi karibu naye akataka kumtuliza. "Si hivyo, Babu. Asema sisi ni mbwa wa chini."

Ikawa bora angenyamaza. Mbwa tu lilikuwa tusi. Mbwa wa chini likawa tusi lenye daraja. Ilibidi mpira usubiri, mwalimu nielezee. Tangu siku hiyo nimeulizwa neno hili na wanafunzi wangu, na vijana wanaotangaza mechi za mtaani kwa kipaza sauti, na dada mmoja anayetafsiri habari za michezo. Nimeona niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa sababu nalipenda neno hili na nachukia kuona likiharibiwa.

Hatua ya kwanza: mtoe mbwa kwenye neno

Neno lina vipande viwili: under, yaani chini, na dog, yaani mbwa. Limetoka kwenye mapigano ya mbwa. Zamani, Uingereza na Marekani, watu waliwapambanisha mbwa na kuwekeana pesa. Uingereza iliuharamisha mchezo huo kwa sheria ya mwaka 1835, lakini msamiati wake haukufutwa na sheria. Mbwa aliyelemewa, aliyelala chini ya mwenzake, ndiye aliyekuwa under dog. Aliyekuwa juu aliitwa top dog, na neno hilo la pili nalo liko hai hadi leo: humaanisha mkubwa wa mahali, mwenye sauti.

Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19 watu walikuwa wakilitumia kwa binadamu wenzao: aliyeonewa, aliyezidiwa nguvu, asiyetarajiwa kutoka salama. Vipande viwili vikaungana vikawa neno moja, na yule mnyama akapotea masikioni mwa wenye lugha.

Jambo hili si geni kwetu. Ukiambiwa jirani yako ni mkono wa birika, huoni birika wala mkono. Waona mtu bahili. Ukisema nitakupigia simu, hakuna anayeinua ngumi. Mwingereza akisema underdog hasikii mbwa, kama wewe usivyosikia kipigo kwenye simu. Ndiyo maana hulitumia kwa timu aipendayo, kwa mwanawe, hata kwa nafsi yake, bila kuona haya.

Kwetu ni kinyume. Hapa Mombasa mbwa akilamba chombo, Waislamu hukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Na kumwita mtu mbwa ni tusi la kuvunja urafiki wa miaka. Basi kanuni ya kwanza iwe hii, na usiivunje hata ukiwa na haraka: usilitafsiri neno hili kipande kwa kipande. "Mbwa wa chini" halipo katika Kiswahili. Programu ya kutafsiri kwenye simu ikikupa hilo, lifute.

Hatua ya pili: ulizia wakati, kisha nguvu

Wengi hufundishwa kwamba underdog ni mshindi asiyetarajiwa. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapotosha wanafunzi. Neno lenyewe halisemi kwamba mtu ameshinda. Linasema kwamba kabla ya shindano watu walimwona ni wa kushindwa. Akishinda, twasema underdog ameshinda. Akishindwa, alikuwa underdog vilevile, na waliyoyatarajia watu yakatimia.

Kila ukilikuta, au ukitaka kulitumia, jiulize maswali matatu. Je, kuna pambano, iwe mechi, uchaguzi, kesi au biashara? Je, kuna upande ambao wengi wauona utashinda? Na je, ninamzungumzia yule wa upande wa pili, kwa jinsi alivyoonekana kabla matokeo hayajajulikana? Ukijibu ndiyo mara tatu, neno limekaa mahali pake.

Turudi barazani. Siku ile ya Morocco, majibu yote matatu yalikuwa ndiyo. Timu yetu ilikuwa ngeni kwenye mashindano, wapinzani walikuwa mabingwa mara mbili, na hata pale barazani waliokuwa na matumaini ya kweli walikuwa wachache. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko. Halafu, kabla ya mapumziko hayohayo, Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu, na kipindi cha pili kizima Kenya wakakimbizana na Morocco wakiwa watu kumi. Ikaisha 1-0. Mtangazaji alilitaja neno lile mara ya mwisho kwa sauti iliyokatika, na safari hii Babu hakuuliza.

Sasa tazama yaliyofuata, maana hapa ndipo neno linapoonyesha tabia yake. Kenya wakamaliza kileleni mwa kundi lao. Tarehe 22 Agosti, uwanja uleule, wakakutana na Madagascar robo fainali. Siku hiyo sisi tulikuwa wenyeji, tulikuwa tumeshamwangusha bingwa, na mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kupiga hesabu za nusu fainali. Underdog wa siku hiyo walikuwa Madagascar. Wakatoka sare ya 1-1, wakatutoa kwa penalti 4-3, na wakaenda hadi fainali, ambako Morocco waliwafunga 3-2.

Siku kumi na mbili tu, wachezaji walewale, na neno limehama upande mmoja kwenda wa pili. Kama lingekuwa lataja udhaifu wa timu, lisingehama upesi hivyo. Lahama kwa sababu lataja macho ya watu. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote humu, maana makosa mengi hutokana na kulisahau.

Kuna mfano mwingine niupendao kwa sababu wasumbua zaidi. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Muhammad Ali alipanda ulingoni akiwa underdog mbele ya George Foreman. Ali! Aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia! Lakini alikuwa na miaka 32 na Foreman alikuwa na 25. Foreman alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja ndani ya raundi mbili, na wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Watu walimhofia Ali maisha yake. Raundi ya nane Foreman akaanguka. Kwa hiyo usidhani underdog lazima awe mdogo, mgeni au maskini. Anaweza kuwa jabali wa jana ambaye leo watu wamemkatia tamaa.

Hatua ya tatu: mtenge na jamaa zake

Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya kundi hili, na mwanafunzi akiyachanganya huandika habari isiyo ya kweli bila kukusudia.

Anayechanganywa sana ni dark horse, neno la mbio za farasi. Huyu ni mshindani ambaye watu hawamjui vizuri, au hawakumfikiria kabisa, kisha akaibuka. Underdog tumemwona, tumempima, tukasema hatoshi. Dark horse hatukumpima. Mwaka 1844 chama cha Democratic cha Marekani kilikutana Baltimore kumchagua mgombea wa urais, na jina kubwa lilikuwa Martin Van Buren. Kura zikapigwa raundi baada ya raundi bila mshindi. Raundi ya tisa likapita jina la James K. Polk, ambaye mwanzoni hakuna aliyemhesabu kuwa mgombea wa urais. Mpaka leo hutajwa kuwa dark horse wa kwanza wa siasa za Marekani, na baadaye alimshinda Henry Clay akawa rais. Hapa kwetu mfano wake ni yule mtu asiyejulikana anayekuja kuketi kwenye bao, akaomba zamu, na baada ya michezo mitatu wazee wanaulizana ametoka wapi.

Upset ni tukio, si mtu. Ni matokeo yaliyopindua matarajio. Underdog akishinda, ushindi wake ndio upset. Hapa nawatahadharisha na hadithi moja tamu. Tarehe 13 Agosti 1919, huko Saratoga, Marekani, farasi mashuhuri aitwaye Man o' War alishindwa mara moja tu katika mbio zake 21, na farasi aliyemshinda aliitwa Upset. Watu wengi husimulia kwamba neno lilizaliwa siku hiyo. Mbio zilikuwa za kweli na jina lilikuwa la kweli, ila neno lilikuwa likitumiwa kwa maana hiyo kabla ya 1919. Ilikuwa sadfa tu.

Giant-killer ni underdog ambaye amekwisha kuangusha mkubwa. Waingereza hulipenda kwenye kombe lao la FA: Februari 1972 Hereford United, klabu iliyokuwa nje ya ligi kuu zote za kulipwa, iliitoa Newcastle United kwa mabao 2-1. Minnow, samaki mdogo kama dagaa, ni timu ndogo kwa kimo chake, na ina harufu ya dharau kidogo. Usimwambie mtu usoni. Outsider na long shot ni za wenye kubahatisha: mwenye nafasi finyu kati ya washindani wengi. Loser ni aliyeshindwa, na kwa vijana ni tusi kabisa. Usilitie loser mahali pa underdog hata mara moja. La kwanza lafunga mlango, la pili lauacha wazi.

Hatua ya nne: litamke na uliandike sawa

Matamshi yana mtego wake kwa Mswahili. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa mazoea, nasi husema an-da-DO-gi. Mkazo wa neno hili uko mwanzo kabisa: AN-da-dog. Ile g ya mwisho ikate, usiiongezee irabu. Sema mara kumi ukitembea kutoka Makadara hadi sokoni, litakaa.

Huandikwa neno moja, bila nafasi na bila kistari. Kwa kuwa laanza na sauti ya irabu, umoja wake huchukua an: "an underdog". Wingi ni "underdogs". Likitajwa kwa ujumla, hutanguliwa na the: "people love the underdog", yaani watu humpenda asiyepewa nafasi, yeyote awaye. Timu kwa kawaida huwa katika wingi: "Kenya were the underdogs". Mtu mmoja huwa katika umoja: "she was the underdog in that race".

Tazama na viungo vyake. Mpinzani huletwa na against: "underdogs against Morocco". Shindano huletwa na in: "the underdog in the final". Vitenzi vinavyoandamana nalo ni start as au go in as, kuingia ukiwa hivyo. Kumshangilia underdog, Mmarekani husema "root for the underdog". Mwingereza husema zaidi "back" au "support". Ukubwa wa pengo huonyeshwa na sifa: "heavy underdogs" hawapewi nafasi kabisa, "slight underdogs" wamezidiwa kidogo tu. Sikosoi kitu mara nyingi zaidi ya "they are very underdog" na "more underdog than us". Ni nomino. Very na more havilishiki namna hiyo. Laweza kukaa mbele ya nomino nyingine, kama "underdog story" au "underdog status", na hapo ndipo mwisho wa kubadilika kwake. Halina umbo la kitenzi.

Kinyume chake ni "favourite", ambalo Wamarekani huliandika "favorite". Chagua tahajia moja ubaki nayo.

Hatua ya tano: litafutie Kiswahili chake

Hapa sina budi kukaa kitako, maana Kiswahili hakina neno moja la kulibeba zima, na hilo si upungufu. Tuna maneno manne matano yanayogawana kazi, na kila moja lina utamu ambao Kiingereza hakina.

La kwanza, na kwangu ndilo bora kwa michezo na siasa, ni kutoka kwenye upatu. Upatu ni ile sinia ya shaba inayogongwa kwenye ngoma na arusi zetu. Anayepigiwa upatu ndiye favourite: kelele zote ni zake kabla hajacheza. Basi underdog ni "asiyepigiwa upatu". Ukisema "wasiopigiwa upatu wamewaduwaza mabingwa", umesema kila kilichomo kwenye neno la Kiingereza, tena kwa sura ya mwambao. Wakati umo ndani: upatu hupigwa kabla. Macho ya watu yamo ndani: upatu hupigwa na watu.

La pili ni "asiyepewa nafasi". Halina mapambo, lakini laeleweka kuanzia Mombasa hadi Mwanza, na latosha kwa habari ya haraka.

La tatu ni "mnyonge". Tahadhari. Mnyonge ni dhaifu kweli, na mara nyingi ni mwenye kuonewa. Madagascar ya Agosti 22 haikuwa nyonge; haikupewa nafasi tu. Mnyonge litunze kwa maana ya pili ya underdog, nitakayoieleza chini, au kwa sentensi za huruma.

La nne, "kibonde", ndilo linaloharibu kazi za vijana wengi. Kibonde hupigwa na kila mtu, kila wiki, na hakuna anayeshangaa. Kibonde akikutana na mkubwa kweli huwa underdog, lakini si kila underdog ni kibonde. Ukiandika "vibonde Harambee Stars" kwa siku ile ya Morocco, umeitusi timu na umepotosha habari. Wako pia wanaotumia "limbukeni". Hilo ni la anayeanza, mgeni wa jambo. Kenya walikuwa limbukeni wa CHAN, naam, na ulimbukeni ni sababu mojawapo ya kutopewa nafasi. Lakini Ali wa Kinshasa hakuwa limbukeni wa chochote.

Kwa yule mkubwa wa upande wa pili, maneno tunayo tele: vigogo, miamba, bingwa mtetezi.

Tufanye kazi kidogo kwa mikono. "Kenya started the match as underdogs": Kenya waliingia uwanjani bila kupewa nafasi. "The underdogs stunned the champions": wasiopigiwa upatu waliwaduwaza mabingwa. "I always root for the underdog": mimi siku zote huwa upande wa mnyonge. Hapa mnyonge lakubalika, maana msemaji aeleza moyo wake, hapimi timu. Na kocha akisema "we are happy to be the underdogs", mweleze hivi: sisi twaridhika, upatu na wapigiwe wao. Makocha hulisema hilo makusudi, kuwaondolea wachezaji wao mzigo na kumtwika mpinzani.

Ukiwa hewani, kipaza sauti mkononi, wala huhitaji nomino. Tumia tendo: "hakuna aliyewadhania", "waliodharauliwa leo wamekuja na yao". Lugha yetu hupenda vitenzi. Na ukitaka methali ya kumfaa aliyeangushwa, ipo: mdharau mwiba mguu huota tende.

Hatua ya sita: maana ya pili, nje ya uwanja

Underdog pia ni mtu wa chini katika jamii: mpangaji mbele ya mwenye nyumba, kibarua mbele ya kampuni, mjane mbele ya shemeji zake wanaotaka shamba. Wakili anayewatetea hawa Kiingereza humwita "champion of the underdog". Hapa mnyonge ndilo neno hasa, na Waswahili walikwisha kuliwekea hukumu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuna mechi hapa, wala hakuna upatu, na kutumia "asiyepigiwa upatu" kwa mjane kungekuwa ukosefu wa adabu. Ukisoma makala ya Kiingereza, tazama kwanza ni uwanja au ni maisha, ndipo uchague.

Kisa cha Daudi na Jaluti, ambaye Biblia humwita Goliathi, kinakaa kwenye maana zote mbili, na pengine ndiyo sababu kinajulikana kila nyumba hapa pwani. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 249, inaeleza kwamba makundi mangapi madogo yaliyashinda makundi makubwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Ukimfundisha mtoto neno hili, anza na Daudi. Ataelewa kabla hujamaliza kombeo.

Hatua ya saba: lisome kwenye namba

Utalikuta neno hili sana kwenye habari za kubashiri, na huko lina hesabu. Kwa mtindo wa namba za desimali, mwenye namba kubwa ndiye underdog. Tuseme mwenyeji ana 1.40, sare 4.50, mgeni 6.50. Gawa 1 kwa kila namba: mwenyeji apata kama asilimia 71, sare 22, mgeni 15. Jumla, ukihesabu na sehemu zake za desimali, ni kama 109, si 100. Hiyo ziada ndiyo faida ya mwenye duka la kubeti, imechukuliwa kabla mpira haujaanza. Wamarekani huandika kwa alama: favorite hupewa alama ya kutoa, kama -250, na underdog alama ya kujumlisha, kama +200.

Mfano mashuhuri ni Leicester City wa msimu wa 2015/16. Mwanzoni mwa msimu walipewa 5000 kwa 1 kuutwaa ubingwa wa Uingereza, yaani shilingi 100 ingerudi na faida ya 500,000. Chini ya Claudio Ranieri waliutwaa, ubingwa ukathibitika tarehe 2 Mei 2016, nao wakamaliza pointi 10 mbele ya Arsenal. Vijana hunitajia Leicester kila mara wakitaka kuhalalisha mkeka. Nawajibu kwa uzito wote: hadithi hiyo husimuliwa kwa sababu ilitokea mara moja. Neno hili ni la kusimulia, msilifanye la kuwekea nauli ya matatu.

Hatua ya nane: adabu ya kulitumia

Kujiita underdog ni ruhusa. Kumwita mwenzio, hasa kwa Kiswahili na hasa mbele ya watu wazima, pima kwanza. Mbele ya mzee usiliseme bila kulifasiri. Usimpe pia asiyestahili: mwanasiasa mwenye magari, walinzi na mabango kila mzunguko wa barabara hawi underdog kwa sababu amesema anaonewa. Uliza kura za maoni zasemaje, uliza pesa ziko wapi. Mwaka 1948 Harry Truman alikuwa rais aliye madarakani wa Marekani na bado alikuwa underdog wa kweli, kwani karibu kila mtu alimpa ushindi Thomas Dewey, hata gazeti la Chicago Daily Tribune likachapa mapema kwamba Dewey ameshinda. Truman akashinda, akapigwa picha akiliinua gazeti hilo. Cheo peke yake hakiamui. La kuamua ni matarajio, na matarajio yana ushahidi.

Jipime

Yafanye haya kwa karatasi. Kwa kila tukio, sema nani alikuwa underdog, kisha andika sentensi moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili.

Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi: timu ya kriketi ya Kenya yaishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano.

Tarehe 12 Februari 2012, Libreville: Zambia na Ivory Coast watoka 0-0 katika fainali ya Afrika, Zambia washinda penalti 8-7, si mbali na bahari ambako ndege ya timu yao ilianguka mwaka 1993.

Bandari, klabu ya Mombasa, wanaikaribisha kwenye uwanja wao wa Mbaraki klabu kubwa ya Nairobi ambayo haijashinda mechi tano mfululizo.

La kwanza ni Kenya, na "wasiopewa nafasi" lafaa, maana Sri Lanka walikuwa wamewahi kuwa mabingwa wa dunia. La pili ni Zambia. "Wasiopigiwa upatu" ndilo hasa, kwani kelele zote zilikuwa za Didier Drogba na wenzake, na ukiandika "wanyonge" utakuwa umewapunja. La tatu ni la mtego. Bandari wako nyumbani, mgeni ana jina lakini miguu imemlegea, na huwezi kujibu mpaka ujue watu wanasemaje wiki hiyo. Nilimpa Babu swali hili la tatu nikidhani litamtatiza. Akamimina kahawa, akauliza mechi ni lini, kisha akasema, "Ngoja nisikie upatu kwanza."